Kifaa kimechomolewa, taima yake bado iko foleni

Swali

Mwalimu, salaam. Nimeandika kifaa changu cha PCI (aina ya kadi za kuchomeka kwenye kompyuta) ndani ya QEMU, programu inayoiga kompyuta nzima, nikianzia kwenye kifaa cha mfano kiitwacho `edu` kilichomo katika msimbo wao. Changu kinaiga kikusanya vipimo: kila milisekunde 10 kinaamka, kinaangalia kama draiva imewasha biti ya ruhusa, kikiona ruhusa kinapeleka data, kisha kinajipangia kuamka tena. Ile sehemu ya `edu` ya kukokotoa faktoria na uzi (thread) wake niliiondoa kwa sababu sikuihitaji. Linux ndani ya mashine pepe inawaka vizuri na draiva yangu inafanya kazi. Shida inaanza nikikichomoa kwa `device_del`, amri ya QEMU ya kuchomoa kifaa. Draiva inazima biti ya ruhusa, kifaa kinatoka, QEMU inaendelea kama hakuna kilichotokea, halafu baada ya sekunde kadhaa, au siku nyingine dakika nzima, inakufa kwa "Segmentation fault". Mlolongo wa miito unaonyesha `timer_mod_ns` imeitwa kutoka `apic_timer_update`. Hakuna hata mstari mmoja wa kwangu. Nikiiendesha ndani ya gdb (programu ya kuchunguza hitilafu) haianguki kabisa, na nikitumia KVM (CPU halisi ikiendesha msimbo wa mashine pepe moja kwa moja) badala ya TCG (QEMU ikiutafsiri msimbo huo yenyewe) inaanguka mara chache mno. Je, hii ni hitilafu ya APIC ya QEMU, yaani kile kidhibiti cha makatizo (interrupts) chenye taima yake? Niiripoti vipi?

Jibu

Ndugu, usiripoti kwanza. APIC haina kosa, na naamini hata QEMU yenyewe haina. Nitakuambia mapema ninachoshuku, halafu nikuonyeshe namna ya kukihakikisha kwa mikono yako, maana ukiniamini bila ushahidi utarudi kuniuliza tena kifaa cha pili kitakapoanguka.

Sentensi iliyonishtua kwenye swali lako si ile ya APIC. Ni ile uliyoipita haraka, kwamba uliondoa faktoria na uzi wake. Katika `edu`, uzi huo husimamishwa ndani ya funksheni iitwayo `pci_edu_uninit`. Karibu mistari yote ya funksheni hiyo ni habari za uzi: kuuambia usimame, kuusubiri umalize, kuharibu kufuli lake. Mtu anayefagia habari za uzi ataifungua, ataona haina kingine cha maana, ataifuta yote. Mimi pia ningeifuta. Lakini karibu na mwisho wake kuna mstari mmoja usiohusu uzi hata kidogo:

```c
timer_del(&edu->dma_timer);
```

Mstari huo, nadhani, ulifagiliwa pamoja na takataka. Tangu hapo kifaa chako kikichomolewa, kumbukumbu yake inaachiliwa huku taima yake ikiwa bado imesimama kwenye foleni ya QEMU. Yeyote atakayepita kwenye foleni hiyo baadaye ndiye anayeanguka, na katika mashine ya x86 inayoendeshwa na TCG, anayepita hapo kila wakati ni taima ya APIC. Ile methali ya kutotazama ulipoangukia bali ulipojikwaa ingefaa kuandikwa juu ya dirisha la gdb.

Kabla ya yote, fanya jaribio la dakika kumi. Chukua QEMU isiyo na mabadiliko yako, weka `edu` yenyewe, ichomoe kwa `device_del` mara kadhaa, kisha iache mashine iendelee kuwaka. Ikidumu, na dau langu ni kwamba itadumu, basi mshitakiwa yuko katika tofauti kati ya `edu.c` na faili lako, na `diff` itakupa tofauti hiyo yote kwenye skrini moja au mbili. Watu hulirukia gdb kwa sababu linaonekana kama kazi ya kitaalamu. Mara nyingi `diff` inamaliza shauri.

Sasa tuingie ndani, kwa sababu dalili zako zote nne zina maelezo, na maelezo hayo ni mazuri kuyajua.

QEMU haina uzi mmoja kwa kila taima. Ina saa kadhaa za ndani: iko `QEMU_CLOCK_VIRTUAL`, inayofuata muda wa mashine pepe na kusimama mashine inaposimamishwa, iko inayofuata muda halisi, iko inayofuata saa ya kompyuta mwenyeji. Kila saa ina foleni yake, na taima zilizopangwa kwa saa hiyo hukaa humo kwa mpangilio wa nani ataamka kwanza. Usifikirie jedwali lililotengwa mahali salama. Ni mnyororo tu: kila `QEMUTimer` ina uga wa `next` unaoelekeza kwa anayefuata, na hakuna anayejua zaidi ya huyo. Tena, ukiwa umefuata mtindo wa `edu`, taima haikai kwenye ghala la QEMU. Imo ndani ya stracti (struct ya C) ya kifaa chako, kama mfuko ulioshonwa kwenye shati. Shati likitupwa, mfuko umekwenda nalo. Lakini aliyekuwa mbele yake kwenye foleni hana habari. Bado anaelekeza kwenye anwani ile ile.

APIC inapotaka kupanga taima yake, `timer_mod_ns` huanzia kichwani mwa foleni, inasoma `expire_time` ya wa kwanza, inauliza kama huyo ataamka kabla yake, ikiona ndiyo inasoma `next` na kusogea kwa wa pili, hivyo hivyo mpaka ipate nafasi ya kusimama. Ikikanyaga kiungo kilichokufa, inasoma anwani ya ovyo, inaifuata, na mfumo unaiua. Jina litakaloandikwa kwenye mlolongo wa miito ni la APIC, kwa sababu ndiyo iliyokuwa inatembea. Mlolongo wa miito unakuambia nani alikuwa kazini msiba ulipotokea. Habari ya aliyeusababisha sekunde 30 zilizopita haimo humo, na haiwezi kuwemo.

Mbona basi haianguki papo hapo? Kwa sababu `free` haifuti kitu. Kumbukumbu iliyoachiliwa hubaki na karibu maandishi yake yote ya zamani mpaka mwingine aiombe na kuandika juu yake. Fikiria kinachotokea kwenye kifaa chako baada ya kuchomolewa. Milisekunde 10 zinapita. QEMU inasoma taima yako kwenye kumbukumbu iliyokwisha kuachiliwa, inakuta `expire_time` sahihi, inakuta pointa ya funksheni yako, inaiita. Funksheni yako inaangalia biti ya ruhusa, inakuta draiva imeizima, haipeleki data, inajipangia tena na kurudi. Kifaa kimeshazikwa na bado kinaamka mara 100 kwa sekunde, kimya kimya, bila kumsumbua mtu. Hali hiyo inaendelea mpaka sehemu nyingine ya QEMU iombe kipande cha kumbukumbu, ipewe kile kile, na iandike mambo yake juu ya `next`. Hapo ndipo hesabu inaharibika. Sekunde kadhaa leo, dakika nzima kesho: inategemea ni lini mpangaji mpya atahamia.

Na hapo kuna jambo lililokudanganya, nadhani. Uliona draiva ikizima biti ukahesabu kwamba kifaa kimesimama. Hakikusimama. Kiliacha kupeleka data, basi. Taima ilikuwa inazunguka wakati wote, hata kabla ya draiva kupakiwa mara ya kwanza.

Habari ya gdb ni rahisi zaidi. Kwa kawaida gdb huzima upangaji nasibu wa anwani, kwa hiyo ramani ya kumbukumbu inakuwa ile ile kila ukiiwasha, na bahati yako ikiwa nzuri mara moja itakuwa nzuri kila mara. Pia gdb inachelewesha mambo kidogo, hivyo mpangilio wa nani anaomba kumbukumbu lini unabadilika. Ukitaka gdb isikuharibie mazingira, andika `set disable-randomization off` kabla ya `run`. Na kama hujafanya hivyo, ongeza `handle SIGUSR1 nostop noprint pass`, kwa sababu QEMU hutumia ishara hiyo kuzigutusha nyuzi za CPU, na bila amri hiyo gdb itakusimamisha kila dakika kwa jambo lisilo na maana.

KVM nayo? Ukitumia KVM kwa mpangilio wa kawaida, APIC haiigwi na QEMU. Inaigwa na kerneli ya mwenyeji. Taima ya APIC haipo tena kwenye foleni ya QEMU, kwa hiyo mpita njia mkubwa ameondoka. Kiungo kilichokufa bado kipo foleni, ila wanaopita ni wachache, na kila anayepungua anapunguza nafasi ya kuanguka. Nasisitiza hili kwa sababu wengi wangesoma dalili hiyo kinyume: "inaanguka kwa TCG, haianguki kwa KVM, basi kosa ni la TCG." Hapana. KVM imekuondolea shahidi tu.

Tuthibitishe. Ianze QEMU yako kwa kuikompaili na `--enable-debug`, ili kompaila isimeze funksheni ndogo ndogo na gdb ikuonyeshe kila ngazi. Kisha kwenye `realize` (funksheni inayoitwa kifaa kinapoandaliwa kuanza kazi) ya kifaa chako, ambacho hapa nakiita `kipimo`, weka mstari wa muda wa kuchapisha anwani ya stracti na ukubwa wake:

```c
fprintf(stderr, "kipimo %p, ukubwa %zu\n", (void *)s, sizeof(*s));
```

Halafu iwashe hivi, pamoja na machaguo yako ya kila siku:

```
MALLOC_PERTURB_=165 ./qemu-system-x86_64 -accel tcg ...
```

Hii `MALLOC_PERTURB_` ni ya glibc, maktaba ya C ya Linux, na sijui kwa nini haisifiwi zaidi. Ukiipa namba isiyo sifuri, kila kumbukumbu inayoachiliwa inajazwa baiti hiyo. Namba 165 ni `0xa5` kwa heksadesimali. Haihitaji kukompaili upya, haipunguzi kasi kwa kiasi cha kukukera, na inaua ile bahati ya kukuta maandishi ya zamani yakiwa yamebaki. Kichomoe kifaa, na badala ya kungoja dakika nzima utaangukiwa karibu papo hapo. Ukifungua faili la msiba kwa `coredumpctl gdb` (au kwa gdb moja kwa moja kama mfumo wako unaandika faili la `core` kwenye saraka), utaona kitu cha namna hii:

```
#0  timer_expired_ns (timer_head=0xa5a5a5a5a5a5a5a5, ...)
#1  timer_mod_ns_locked (...)
#2  timer_mod_ns (...)
#3  timer_mod (...)
#4  apic_timer_update (...)
```

Angalia ngazi ya 0. Pointa yenye `a5` tupu ni kumbukumbu iliyoachiliwa inayojitangaza kwa jina. Na tazama ilivyofika hapo: `expire_time` ya taima iliyokufa nayo imejazwa `a5`, na kwa kuwa ni namba yenye alama, biti yake ya juu ikiwa 1 inasomeka kama namba hasi, maana yake muda uliokwisha kupita zamani sana. Basi msimbo ukaona huyu anaamka kabla yangu, ukasogea kwa `next` yake, ukapewa `0xa5a5a5a5a5a5a5a5`, ukajaribu kuisoma, ukafa. Huenda siku nyingine ikaangukia `timerlist_run_timers` badala yake, ikijaribu kuita funksheni iliyoko `0xa5a5...`. Ni msiba ule ule umeingia kwa mlango mwingine.

Bado hatujathibitisha kuwa kumbukumbu hiyo ilikuwa yako. Nenda ngazi ya 1 na uulize:

```
(gdb) frame 1
(gdb) print pt
(gdb) print sizeof(KipimoState)
```

`pt` ni pointa ya uga wa `next` wa mtu wa mwisho aliyepitiwa, yaani maiti mwenyewe. Linganisha anwani yake na ile uliyochapisha kwenye `realize`. Ikiwa iko kati ya `s` na `s` jumlisha ukubwa wa stracti, shauri limekwisha. Toa moja kwa nyingine upate umbali, kisha andika `ptype /o KipimoState`. Amri hiyo inaorodhesha kila uga na umbali wake kutoka mwanzo wa stracti, na umbali ulioupata utaangukia ndani ya taima yako. Nimeacha kuhesabu mara ngapi `ptype /o` imemaliza mabishano kati ya watu wawili wanaorushiana lawama.

Kama ungependa kuambiwa bila kuhesabu, kompaili upya na AddressSanitizer (ASan), chombo kinachokamata matumizi mabaya ya kumbukumbu: kwa matoleo mapya ya QEMU ni `--enable-asan`, kwa ya zamani ni `--enable-sanitizers`. Iwashe ukiwa umeweka `ASAN_OPTIONS=detect_leaks=0`, vinginevyo mwishoni itakumwagia orodha ya kumbukumbu zisizorudishwa ambazo leo hazikuhusu. Tarajia programu kwenda polepole, mara mbili au zaidi. ASan haitoi upesi kumbukumbu iliyoachiliwa kwa mwombaji mwingine. Inaiweka karantini na kuitia alama, hivyo anayeigusa anakamatwa palepale, hata kama maandishi ya zamani yangekuwa sahihi. Ripoti yake ina milolongo mitatu: nani amesoma, nani aliachilia, nani aliomba mwanzoni. Wa kwanza huenda ukawa wa APIC tena, usishangae. Wa tatu utapitia `qdev_device_add` na `object_new`, na hapo ndipo kifaa chako kilipozaliwa.

Wa kati ndio unaowachanganya watu. Unaweza kukuta aliyeachilia ni uzi uitwao `call_rcu_thread`, ambao hukuwahi kuuanzisha. QEMU haiachilii kifaa papo hapo. Ramani za kumbukumbu za mashine pepe zinakishikilia, na nyuzi za CPU huenda bado zinaisoma ramani ya zamani, hivyo uachiliaji unaahirishwa mpaka wasomaji wote wamalize. Kwa hiyo kuna hatua mbili: kwanza funksheni ya `exit` ya kifaa chako inaitwa, ukiwa na nafasi ya kufunga vyako, kisha baadaye kidogo kumbukumbu inaachiliwa kweli. Ukiunganisha na QMP, njia ya kuipa QEMU amri kutoka programu nyingine, utapata tukio la `DEVICE_DELETED` kifaa kinapofikia mwisho wake. Linganisha muda wa tukio hilo na muda wa kuanguka. Kwako kuanguka kutakuja baada yake kila mara, hata siku moja hakutatangulia.

Wapo watakaokushauri rr, ile programu iliyoanzia Mozilla inayorekodi uendeshaji mzima ili uweze kurudi nyuma. Ushauri mzuri, na inafanya kazi na QEMU ukitumia TCG. Kwa KVM haiwezi. Unarekodi mpaka ianguke, unaweka `watch` kwenye anwani ya `pt`, unaandika `reverse-continue`, na inarudi nyuma mpaka mkono wa mwisho ulioandika hapo. Ukiwa umeweka `MALLOC_PERTURB_`, mkono huo ni `free` yenyewe, na juu yake utaona `object_finalize`. Kwa shauri lako naona ni kuchinja kuku kwa panga, lakini jifunze, ipo siku utaihitaji.

Kitu ambacho ningekushauri ufanye hata kama umeshachoka ni kulifanya tatizo lijirudie bila Linux kabisa. QEMU ina hali ya majaribio iitwayo qtest, ambamo CPU haiendeshi msimbo wowote na saa ya `QEMU_CLOCK_VIRTUAL` haisogei mpaka uiambie:

```
./qemu-system-x86_64 -M pc -accel qtest -display none \
  -qtest stdio -qmp unix:/tmp/q.sock,server=on,wait=off \
  -device kipimo,id=k0
```

Kwenye QMP tuma `qmp_capabilities`, kisha `device_del` ya `k0`. Kifaa hakitatoka, kwa sababu kwenye PCI mgeni (mfumo ulio ndani ya mashine pepe) ndiye anayetakiwa kuridhia, na hapa hakuna mgeni. Lakini ukituma `system_reset`, ombi lililokuwa linasubiri linatekelezwa. Ngoja `DEVICE_DELETED`, kisha kwenye terminali ya qtest andika `clock_step 20000000`, yaani sogeza saa nanosekunde milioni 20, ambazo ni milisekunde 20. Ukiwa na ASan itaanguka hapo hapo, kila mara, hata ukiirudia mara mia. Kutoka "siku nyingine dakika nzima" mpaka "kila mara, sekunde moja": huo ndio mtaji wako, kwa sababu sasa unaweza kujua kama marekebisho yamefanya kazi. Bila hivyo ungerekebisha, ungeona haijaanguka kwa nusu saa, ungefurahi, kumbe ni bahati.

Marekebisho yenyewe ni mafupi kuliko yote niliyoyaandika:

```c
static void kipimo_exit(PCIDevice *pdev)
{
    KipimoState *s = KIPIMO(pdev);

    timer_del(&s->taima);
    msi_uninit(pdev);
}
```

Na kwenye `class_init` usisahau `k->exit = kipimo_exit;`. Nimeshawahi kupoteza asubuhi nzima nikishangaa kwa nini funksheni yangu nzuri ya kufunga haifanyi kazi, kumbe sikuwa nimeisajili popote. Kompaila huwa inanong'ona kuhusu funksheni isiyotumika. Sikuwa nasoma minong'ono.

Unaweza kuuliza: je, taima ikiamka katikati ya `timer_del` na kujipanga tena? Kwa kifaa chako haiwezekani. Taima za kitanzi kikuu huendeshwa na mwenye kufuli kuu la QEMU, na `exit` nayo huitwa na mwenye kufuli hilo hilo, hivyo haziwezi kukutana. Siku utakapoongeza uzi wako mwenyewe unaopanga taima, mambo yanabadilika: simamisha uzi kwanza, kisha ndipo ufute taima, na uangalie uzi huo usije ukawa unasubiri kufuli kuu wakati wewe umelishika na unamsubiri yeye amalize. Mtakaa hapo mpaka kesho.

Mimi ningebadilisha pia mahali unapoanzisha taima. Usiianzishe kwenye `realize`. Kwanza, `realize` inaweza kushindikana katikati, kwa mfano `msi_init` ikirudisha kosa, na kifaa kikaachiliwa bila `exit` kuitwa kamwe. Hapo unarudi kwenye msiba ule ule kwa njia ambayo hutaijaribu. Pili, kuamka mara 100 kwa sekunde ili kugundua kwamba hakuna ruhusa ni kupoteza CPU. Panga taima draiva inapoandika biti ya ruhusa, ifute inapozima. Funksheni ya `reset` nayo iifute, kwa sababu mgeni akiwashwa upya anatarajia kukuta kifaa kama kilivyotoka kiwandani. Hata baada ya hayo, `timer_del` ya kwenye `exit` ibaki, kwani mgeni anaweza kukichomoa kifaa bila draiva kuaga.

Hiyo sentensi ya mwisho ina uzito kuliko inavyoonekana. Mgeni si rafiki yako. Kerneli yake inaweza kuwa na makosa, inaweza kuwa imetekwa, inaweza kuandika chochote kwenye rejista zako kwa mpangilio wowote, na kifaa chako hakitakiwi kuiua QEMU hata hivyo. Mwaka 2015 ilitangazwa hitilafu iliyopewa jina VENOM, CVE-2015-3456, katika kidhibiti cha diski za flopi cha QEMU: mgeni alituma amri zilizojaza bafa ya baiti 512 kupita mwisho wake. Msimbo huo ulikuwapo tangu 2004. Nani alikuwa anatumia flopi? Karibu hakuna, lakini kidhibiti kilikuwapo, na hilo lilitosha. Kumbukumbu iliyoachiliwa inayoendelea kutumika, huku mgeni akiwa na uwezo wa kuchagua lini kifaa kichomolewe, ni mlango wa aina hiyo hiyo. Kwa kifaa cha kujifunzia haikuhusu sana. Ukifikiria kukipeleka kwa mradi, inakuhusu.

Mradi wenyewe hupokea ripoti za hitilafu kwenye GitLab yao. Ukipata iliyo yao kweli, ijaribu kwanza kwenye tawi kuu la sasa bila mabadiliko yako, kisha upeleke toleo, mstari mzima wa amri, `thread apply all bt`, na njia fupi ya kuirudia kama ile ya qtest. Faili la `core` usilipeleke, kwani linaweza kubeba kumbukumbu yote ya mashine pepe pamoja na siri zake; `-machine dump-guest-core=off` hulipunguza, lakini hata hivyo libaki kwako. Ya usalama ina njia ya faragha, na wao huhesabu hitilafu kuwa ya usalama pale inapogusa matumizi ya mashine pepe za kutenganisha watu, kama ya KVM. TCG hawaihesabu kuwa ukuta wa ulinzi.

Fanya kwanza lile la `MALLOC_PERTURB_`, kabla hujagusa `exit`. Ukikuta `pt` haiko ndani ya stracti yako, basi nimekosea na kuna mtu mwingine kwenye foleni. Hapo niandikie tena, unitumie anwani zote mbili pamoja na faili lako zima la C, si vipande.